Urefu sio kimo, na setilaiti haioni kila wimbi

Mhariri,

Nalisoma gazeti lako miaka mingi, sijawahi kuandika, ila ile ripoti yenu ya setilaiti za rada zinazopima mawimbi ya bahari imenishinda. Mmeandika ati kuna mawimbi ya "urefu wa mita 200". Jamani! Mita 200 ni toka kilele cha wimbi mpaka kilele cha linalofuata, sio kwenda juu, kwenda juu kunaitwa kimo.

Halafu mnasema setilaiti inaona kila wimbi. Haioni. Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, iko juu karibu kilomita 700, na rada yake inarudishiwa mwangwi na viwimbi vya sentimita chache tu, mawimbi makubwa yanajulikana kwa vile yanavyoviinamisha na kuvikusanya hivyo viwimbi, ndo hesabu zinapigwa. Sasa maji hayatulii wakati picha inaundwa, kwahiyo mawimbi mafupi ya upepo yanayokwenda sambamba na njia ya setilaiti yanafutika kabisa, yanabaki yale marefu yaliyotoka mbali. Na huko bahari kuu inachukua vipande vya kilomita 20 kwa 20, kimoja kila kilomita 100, sio bahari yote!

Mimi yamenikuta. Mwenzangu alikuwa na picha ya alfajiri kwenye simu, mawimbi marefu yamejipanga vizuri, tukatoka na boti. Mchana upepo ukaamka, mawimbi mafupi yakasimama yakakatana na yale marefu, omo, yaani mbele ya boti, ikawa inazama inaibuka inazama, mwenzangu akarushwa juu ya injini akavunjika mbavu mbili, na mimi huku nashika usukani huku namshika yeye asidondoke. Picha haikukosea. Ila ilikuwa ya masaa tisa nyuma na hakuna aliyewahi kutuambia mawimbi mafupi hayamo.

Na nyie mnaofunga boti kwenye maboya ya kupimia mawimbi, wengine mnang'oa mpaka sola, acheni. Boya ndo linalosahihisha setilaiti.

Mhariri, kila mkiandika namba ya mawimbi wekeni vitu vinne: kimo, sekunde kati ya wimbi na wimbi, yanakotoka, na saa kilipochukuliwa kipimo. Chini yake, kwa herufi nene, andikeni kwamba hicho kimo ni wastani wa ile theluthi moja ya mawimbi yote iliyo kubwa zaidi, wimbi moja laweza kufika karibu mara mbili yake.