Ziara ng'ambo na watoto: punguzeni ratiba

Mhariri,

Wanaosafiri ng'ambo na wadogo zao au wapwa hukosea hasa kwenye ratiba: makumbusho matatu kwa siku, na ikifika saa nane mchana mtoto keshaketi sakafuni, hasogei. Moja la asubuhi latosha, kisha bustani. Mwili huhitaji takriban siku moja kuzoea kila saa moja ya tofauti ya saa kati ya nchi, kwa hiyo siku mbili za mwanzo msikate tiketi za saa maalumu.

Angalieni siku za kufungwa. Jijini Paris, makumbusho ya Louvre hufungwa Jumanne, ya Orsay Jumatatu. Ukizichanganya, utakuta geti. Mnara wa Eiffel una vidato 674 hadi ghorofa ya pili, na kigari cha mtoto hapo ni mzigo mtupu. Namba ya simu iandikwe karatasini, ikae mfukoni mwa mtoto, betri huisha.

Msomaji wenu