Barua kwa wanangu akina baba vijana

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Jumamosi mlinichukua tukaangalie Avatar: The Way of Water, ile sehemu ya pili iliyotoka Desemba 2022, miaka 13 baada ya kwanza. Saa tatu na dakika 12 kwenye kochi, mgongo wangu ndio unajua. Na filamu sina ugomvi. Ugomvi ni na nyinyi.

Wawindaji walipomchoma chusa yule tulkun, nyangumi wa Pandora, dunia ya filamu hiyo, mwenye ndama, mlifuta machozi, wanaume wazima. Haikupita muda, mtoto akamwaga soda kwenye zulia. Akafokewa mpaka akasimama kama yuko gwaride, mikono ubavuni, macho chini. Hakuna aliyeshtuka kwamba anasemwa yeye pale kwenye skrini.

Jake Sully, yule baba wa kwenye filamu, alikuwa mwanajeshi, na watoto anawalea kijeshi: wapange mstari, waitikie "ndiyo, afande". Mkewe Neytiri anamkumbusha kuwa hiki si kikosi, ni familia. Lo'ak, mwana wao wa pili, anatelekezwa nje ya mwamba na mtoto wa chifu na wenzake, anaponea chupuchupu, kisha anajitwika kosa lisilo lake ili mwenzake asigombezwe. Ungwana gani unaushinda huo? Baba yake anamwambia ameiaibisha familia. Hajauliza.

Nami sikuuliza. Nilimchapa kaka yenu mkubwa kwa ngalawa iliyochukuliwa na maji usiku, kumbe kamba niliifunga mimi, na niliifunga vibaya. Sasa ana mvi. Akinipigia simu ni salamu, mvua zimenyesha, haya baba, kwaheri. Niliyapanda mwenyewe.

Mengine nayasema kwa ufupi. Mke asikilizwe. Mkihamia kwa watu, jifunzeni kwanza, kama Wasully walivyojifunza kuzuia pumzi kwa Wametkayina, wenyeji wao wa baharini. Mtoto wa kulea, kama Kiri, asikumbushwe kila siku kuwa ni wa kulea.

Na lile la amrita. Mnyama mzima anauawa wapate kichupa kimoja cha majimaji ya ubongoni ya kuzuia uzee, mzoga wanauacha uzame. Mkasema, "Binadamu hawa!" Binadamu gani? Sisi wa pwani tulipiga baruti, tukaokota wanaoelea, waliozama tukawaachia waoze, na mwamba ukawa kifusi. Sokoni kila mtu alimjua samaki wa baruti, nyama imelegea na mifupa imevunjika, na tulinunua. Waliopaswa kutukamata walikula nasi.

Mwishoni meli inazama, na ni Lo'ak huyohuyo anayemfundisha baba yake kutuliza moyo na kuvuta pumzi ili wapite chini ya maji. Hapo nyie mlikuwa mmeshaanza kutafuta funguo za gari. Yule wa soda alikuwa bado macho, amejikunyata pembeni ya kochi, hapepesi.

Mmoja wenu amuulize aliona nini.

Baba yenu