Chui milia wanahitaji nafasi

Mhariri,

Watu wanaendanga Nairobi National Park wakiuliza chui milia wako upande gani. Jameni hakuna, hao ni wa Asia, India ndio wako wengi, halafu Nepal, Urusi, Sumatra huko.

Na maisha yao si rahisi. Mama anabeba mimba miezi tatu na nusu hivi, anazaa watoto wawili mpaka wanne, hata macho hayajafunguka, na analea peke yake, baba ni kupita tu (hapo sitaongeza kitu). Anawafunza kuwinda mpaka wafike karibu miaka miwili, na karibu nusu hawafikangi hapo. Sasa huyo kijana akitoka kwa mamake akute msitu umekatwa na mitego kila mahali ataenda wapi kama si kwa ng'ombe za watu, na akienda huko anauliwa.

Karne moja nyuma walikuwa kama 100,000, kufika 2010 wakabaki kitu 3,200 msituni. Mwaka huo nchi zao zikaahidi kuwaongeza mara mbili, na Nepal ilifanya kweli, 121 mwaka 2009 wakawa 355 mwaka 2022. Cambodia nao wameisha kabisa.

Sisi pia tunakata maploti Kitengela, hapo karibu na Nairobi National Park, kwa njia za wanyama alafu simba akitokea kwa geti tunashangaa. Andikeni hii story pia, siasa page ya kwanza kila siku tumechoka.

Msomaji, Nairobi