Risala ya Klabu ya Historia na Mdahalo kwa Mgeni Rasmi: Omani na Mazungumzo ya Amani ya Palestina

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Balozi mstaafu,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunakushukuru, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wetu. Mijadala yetu kuhusu Palestina ilikuwa na kasoro moja: msemaji analaani, ukumbi unapiga makofi, kengele inalia, tunatawanyika. Mwalimu mlezi akatuambia tuchague nchi moja ya Kiislamu, tuifuate mwaka hadi mwaka, tuone imefanya nini hasa kusaidia mazungumzo ya amani. Tulichagua Omani. Wengi wetu tuna ndugu kule, na wewe mwenyewe umewahi kufanya kazi Maskati, kwa hiyo tukikosea utatusahihisha hapa hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, safari yetu ilianzia mwaka 1979. Misri ilipotia saini mkataba wa amani na Israeli, ilisimamishwa uanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu, na nchi nyingi za Kiarabu zikavunja uhusiano nayo. Omani ya Sultani Qaboos haikuvunja. Sudan na jirani zetu Somalia nazo hazikuvunja. Mjadala wa siku hiyo ulikuwa mkali kweli kweli. Upande mmoja uliita jambo hilo kuwapa Wapalestina mgongo. Upande wa pili ukauliza, atakayezungumza na Cairo kesho ni nani ikiwa wote tumesusa? Hatukuafikiana, na risala hii haitajifanya kuwa tumeafikiana.

Lililotukalisha muda mrefu zaidi ni maji. Baada ya mkutano wa amani ya Mashariki ya Kati uliofanyika Madrid mwaka 1991 yaliundwa makundi ya mazungumzo ya nchi nyingi, na kundi la maji lilikutana Maskati mwezi Aprili 1994, Waisraeli na Wapalestina wakiwa katika ukumbi mmoja. Hapo ndipo lilipochomoza wazo la kituo cha utafiti wa kuondoa chumvi kwenye maji, na kituo chenyewe kikaanzishwa Maskati mwaka 1996. Palestina, Israeli na Jordan wote ni wanachama. Kwa nchi ambayo vijiji vyake vimegawana maji ya mifereji ya aflaji kwa zamu za saa tangu enzi na enzi, wala hatukushangaa. Na haja ipo: Umoja wa Mataifa umeeleza kwa miaka kuwa zaidi ya asilimia 90 ya maji ya ardhini ya Ghaza hayafai kunywewa.

Sasa linganisha na upande wa siasa. Yitzhak Rabin, Waziri Mkuu wa Israeli, alifika Maskati Desemba 1994. Mwaka 1996 Omani na Israeli zikafunguliana ofisi za biashara. Intifadha ya pili, yaani maasi ya Wapalestina dhidi ya Israeli, ilipoanza mwaka 2000, Omani ikazifunga. Kituo cha maji hakikufungwa. Sisi tunaona hapo pana somo kubwa kuliko katika picha zote za viongozi kupeana mikono, ingawa katibu wetu amesisitiza iandikwe kwamba yeye hakubaliani.

Oktoba 2018, ndani ya wiki moja, Sultani Qaboos alimpokea Rais Mahmoud Abbas wa Palestina, kisha Benjamin Netanyahu, Waziri Mkuu wa Israeli. Magazeti yalijaa matumaini. Baada ya hapo Wapalestina walipata nini? Tumetafuta, hatukuona. Kuwapokea watu wawili nyumbani kwako si kuwapatanisha, na Omani haina jeshi wala fedha za kumlazimisha yeyote. Hata hivyo, mwaka 2019 ilitangaza uamuzi wa kufungua ubalozi Ramallah, Palestina, na mwaka 2020 Imarati na Bahrain zilipoanzisha uhusiano rasmi na Israeli, Omani haikuzifuata. Tangu vita vya Ghaza vilipoanza Oktoba 2023 imeendelea kudai mapigano yasitishwe na dola ya Palestina isimame.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, haya yote tumeyafanya kwa karatasi za manila, gundi na kalamu za rangi. Ramani iliyo nyuma yako imechorwa na kidato cha tatu. Ukanda wa Ghaza umetoka mwembamba mno hata jina lake likabidi liandikwe baharini, na Maskati haikuingia kabisa. Iko kwenye karatasi ya pili, ile inayopeperuka kila feni ikigeuka. Atlasi ya skuli ni moja, na kurasa za Asia hazimo.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, atlasi, hata zilizotumika. Pili, utusaidie kuwapata maafisa wa ubalozi wa Palestina ulioko Dar es Salaam wakubali kuzungumza nasi, hata kwa njia ya mtandao, maana mpaka sasa tumewazungumzia wao bila wao. Tatu, kabla hujaondoka, utujibu swali lililotushinda: kwa nini ofisi ya biashara ilifungwa na kituo cha maji kikaachwa? Je, ni kwa sababu maji hayana bendera, au ni kwa sababu hakuna aliyekiona kituo hicho kuwa na uzito wa kutosha wa kufungwa?

Tunaomba kuwasilisha.