Salamu za Idi: Madaftari Mawili Kabatini

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu, jamaa na majirani wa hapa Tanga, pamoja nanyi mlio mbali, nawapa mkono wa Idi. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, atusamehe tulipoteleza, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani. Mwaka ulikuwa mzito, sukari na mchele vilipanda bei, lakini futari ya msikitini haikukosa mfadhili hata siku moja, Alhamdulillahi.

Hii ni Idi yangu ya kwanza bila mama. Nikipanga vitu vyake nimekuta madaftari mawili kabatini. La kwanza ni la michango ya kumsafisha damu figo zake ziliposhindwa kazi, mara tatu kila wiki kwa miezi saba: mwezi wa kwanza ukurasa umejaa, na kufikia wa nne yamebaki majina sita, yaleyale kila wiki. La pili ni la rambirambi, kurasa tisa zilizojaa kwa siku mbili.

Siandiki haya kwa kulaumu, kwani hata mimi ndivyo nilivyo. Maporomoko ya tope yaliposhuka Katesh, wilayani Hanang, Desemba 2023, nilitoa blanketi kabla sijaombwa, kwa sababu nilikuwa nimeona picha na nilijua kwamba nikishatoa nimemaliza. Ugonjwa wa figo hauna picha wala siku ya kwisha. Msiba una mkeka, una macho ya watu, na una zamu, maana leo ni kwake na kesho ni kwangu. Ndiyo maana mnara wa msikiti hupata wafadhili upesi kuliko posho ya ustadhi, na kisima kipya chenye jina la marehemu hupata kuliko pampu mbovu ya kisima cha jirani.

Ndugu zangu, aya ya 60 ya Sura At-Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, ikaanza na mafukara na masikini. Haikuweka sharti kwamba wawe wanaonekana. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, japo iwe kidogo. Basi tusingoje kilio ndipo tufungue mikoba.

Mtaa wa nyuma yupo mzee anayesafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wiki hii ya Idi hakupewa likizo. Bahasha yake ninayo mimi.

Kullu aam wa antum bikheri.