Shemeji, mkunga hakukosea

Shemeji, pole kwa kukesha neonatolojia, wodi ya watoto wachanga. Nakuandikia hadharani kwa sababu maneno yako si yako peke yako. Nayasikia Kadutu, nayasikia Bagira, mitaa yetu ya Bukavu, na sasa yamefika nyumbani kwetu: "Mtoto katoka na maji ya kijani, mkunga akakataa kumvuta uchafu, ndiyo maana anahema hivi."

Hakukataa. Maji ya kijani ni maji ya uzazi yaliyochanganyika na choo cha kwanza cha mtoto; huo ndio uchafu unaousema. Zamani sisi wauguzi tulifundishwa kuingiza mpira wa kuvutia uchafu kinywani kichwa kikitokeza tu, mabega yakiwa bado. Mwaka 2004 ukatoka utafiti uliofanyika Argentina na Marekani kwa watoto zaidi ya 2,500, ukaonyesha kwamba kuvuta vile hakuzuii mtoto kuugua mapafu kwa uchafu huo. Mwaka 2015 miongozo ya kimataifa ikaacha hata desturi ya kumpitishia bomba kooni kila mtoto aliyezaliwa amelegea. Mtoto aliyelegea anataka hewa. Ukihangaika na uchafu, unamchelewesha. Yule mkunga alimkausha, akamfunika, akampa hewa kwa mfuko na barakoa upesi. Wewe ukamtukana mbele ya watu!

Tena uchafu mwingi huingia kabla mtoto hajazaliwa. Mimba ikipita muda wake, au mtoto akikosa hewa tumboni, hutoa choo chake cha kwanza mlemle ndani. Akitweta, anakivuta pamoja na maji. Katika uzazi 100, kama 10 hadi 15 huwa na maji hayo, na watoto wengi hawapati neno. Wanaougua mapafu ni kama 5 katika kila 100 waliozaliwa na maji hayo. Wetu ameangukia humo. Siwezi kusema ni ile dawa ya miti aliyonyweshwa mdogo wangu ili uchungu uende mbio, lakini mama yako nitamwambia mwenyewe, kwa heshima: kitu kinachobana mfuko wa uzazi bila kuupumzisha humnyima mtoto hewa. Hata sindano ya uchungu ya hospitali hufanya hivyo isiposimamiwa.

Unauliza kwa nini hawamfungulii oksijeni yote. Uchafu ule huziba vijia vya mapafu kama mlango unaofunguka upande mmoja: hewa inaingia, kutoka inashindwa. Pafu likijaa sana linaweza kupasuka. Mishipa yake nayo inaweza kukataa kufunguka, damu ikapita bila kuchukua hewa. Kwa hiyo wanaangalia ile namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni ikae kati ya 90 na 95, si chini, wala si 100, kwa kuwa oksijeni ikizidi nayo humdhuru. Baridi huzidisha mambo, na usiku wa Bukavu unaujua. Na akihema zaidi ya mara 60 kwa dakika, hanyonyi. Maziwa yanapita kwenye mpira wa puani. Si kwamba wanamnyima mama yake.

Atapona? Kwa nchi zenye mashine kubwa za kupumulisha, hata waliozidiwa wengi huvuka. Sisi tuna oksijeni, joto, viuavijasumu na macho ya muuguzi, na umeme wa SNEL, shirika la umeme, ukikatika tunakimbilia mtungi wa oksijeni. Wasiozidiwa mara nyingi hupata nafuu ndani ya siku chache. Mimi, kusema kweli, mapafu hayanitishi sana kama ubongo uliokosa hewa: degedege, kulegea, kutonyonya. Wetu hajashikwa na degedege, na jana alishika kidole changu kwa nguvu. Hata hivyo, akitoka msimlete kwa chanjo tu; daktari atazame kama anashika shingo, anakaa, anaona vizuri. Mafua yakimpata anaweza kukoroma kifuani, msishtuke, mleteni.

Leo peleka kofia ya sufu na kikombe safi cha kukamulia maziwa. Bili nimeiona. Usimtoe mtoto kabla daktari hajasaini kwa kuogopa dola. Nimeshaongea na kaka, tutachanga.