Deki ya CD tuichague kwa lenzi na umeme wake, si kwa wingi wa taa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wengi wataliona limepitwa na wakati, lakini kwa sisi wenye makabati yaliyojaa CD ni jambo la kila siku. Nazungumzia namna ya kupata deki ya CD ya kuunganisha na amplifaya na spika za nyumbani, kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaimudu, na itakayodumu. Katika miaka mitatu nimenunua deki nne hapa Dar es Salaam. Mbili zimekufa, moja nimeigawa, na ya nne ndiyo inayopiga ninapoandika barua hii. Hasara niliyoipata naieleza kwa urefu ili msomaji mwingine asiirudie.

Wanangu huniuliza kwa nini nisisikilize muziki kwa simu kama watu wengine. Simu ninayo na ninaitumia. Lakini nina CD zaidi ya mia mbili, nyingi za dansi na taarabu, nilizoanza kuzikusanya miaka ya 1990. Humo mna nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, za Marijani Rajab, za Sikinde na za Msondo, na baadhi yake nilichomewa na wapenzi wenzangu waliozihamisha wenyewe kutoka kwenye kanda zao. Wengine kati yao wametangulia mbele ya haki. Rekodi zile sijaziona kwenye intaneti, na hata zingekuwapo, CD haimalizi bando.

Msomaji anapaswa kwanza kujua analipia nini. Mfumo wa CD uliandaliwa kwa pamoja na Philips na Sony, na deki ya Sony CDP-101 iliingia sokoni Japani tarehe 1 Oktoba 1982. Tangu siku hiyo kipimo hakijabadilika: sauti ya kila upande, kushoto na kulia, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Hii maana yake ni kwamba deki ya mwaka 1995 na deki iliyotoka kiwandani juzi zinasoma data ileile. Na kazi ya kuigeuza data hiyo iwe sauti, ambayo zamani ilihitaji saketi za gharama kubwa, siku hizi inafanywa vizuri na chipu ya bei ndogo. Kwa sababu hiyo simshauri mtu mwenye fedha za kuhesabu alipe zaidi kwa ahadi ya sauti tamu. Deki mbili nzima husikika karibu sawa, ilhali spika mbili tofauti hata mtoto atakwambia ipi ni ipi. Fedha inayobaki ipeleke kwenye spika. Kwenye deki lipia vile vitu vinavyokufa: lenzi, droo na sehemu ya umeme.

Nianze na umeme, kwa kuwa ndio ulioua deki yangu ya kwanza. Niliinunua Kariakoo, kwenye duka la vitu vilivyotumika vinavyotoka Japani. Ilikuwa nzito, safi, haina mkwaruzo, na muuzaji alikuwa ameshabadilisha plagi akaweka ya pini tatu bapa kama zetu. Ilipiga vizuri mbele ya macho yangu. Nilipofika nyumbani Magomeni na kuichomeka ukutani, ilitoa mlio mfupi, na harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Niliporudi dukani ndipo nikaonyeshwa kuwa pale ilikuwa imeunganishwa na transfoma ya kushusha umeme iliyowekwa chini ya meza, kitu ambacho hakuna aliyenitajia wakati nalipa. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, na wetu ni volti 230. Plagi haibadilishi chochote ndani ya mashine.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, igeuze deki utazame nyuma, karibu na mahali waya wa umeme unapoingilia. Ikiandikwa 230V, au 220–240V, iko salama kwetu. Ikiandikwa 100V peke yake ni ya Japani, na ikiandikwa 120V ni ya Marekani. Sisemi uikatae moja kwa moja, maana deki nyingi za Japani zimetengenezwa kwa uangalifu mkubwa na hapa huuzwa kwa bei nafuu kwa sababu hiyohiyo ya umeme. Deki ya CD kwa kawaida hutumia wati chache tu, kumi hadi ishirini hivi, kwa hiyo transfoma ndogo ya kushusha umeme ya wati 100 inaitosha kabisa. Wala usitishwe na suala la hezi 50 au 60, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, kwa kuwa kasi ya kuzunguka kwa CD haifuati umeme wa ukutani kama ilivyokuwa kwa baadhi ya mashine za santuri; husimamiwa na fuwele ya kwatzi iliyomo ndani. Cha msingi ni kuijumlisha bei ya transfoma kwenye bei ya deki kabla hujasema kuwa umepata rahisi.

Sasa lenzi, ambayo ndiyo roho ya mashine. Ni jicho dogo linalotoa mwanga wa leza usioonekana, likasoma njia iliyojizungusha kutoka katikati ya CD kuelekea ukingoni. CD huanza kwa kasi ya mizunguko kama 500 kwa dakika, ikapungua hadi kama 200 inapokaribia mwisho. Leza ikichoka, mashine haifi siku moja. Huanza kuchagua CD, leo inaisoma hii, kesho inaikataa, na mwenye nyumba anazilaumu CD zake. Muuzaji anayejua udhaifu huo atakuwekea CD moja mpya inayong'aa, itapiga wimbo wa kwanza, na wewe utatoa fedha.

Dawa yake ni kwenda dukani na CD zako mwenyewe, tatu zinatosha. Ya kwanza iwe ndefu, inayokaribia dakika 74, nawe uiamuru deki iende moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho, kisha irudi wa kwanza, mara kadhaa. Mwisho wa CD uko ukingoni, ambako diski hupepesuka zaidi, na lenzi inalazimika kusafiri umbali wote wa reli yake. Ya pili iwe CD ya kuchoma, kwa sababu huakisi mwanga kidogo kuliko CD ya kiwandani, na leza iliyochoka mara nyingi hushindwa hapo kwanza. Kwangu mimi kipimo hiki ndicho kinachotangulia vyote, kwa sababu nimeshaeleza CD zangu nyingi ni za namna gani. Ya tatu iwe na mikwaruzo midogo ya kawaida. Mfumo wa CD una hesabu za kusahihisha makosa zinazoweza kuziba pengo la takriban milimita 2.5 kwenye njia ya data bila sikio kugundua, kwa hiyo deki inayoruka ruka kwa mkwaruzo mwembamba ina tatizo lake yenyewe. Fungua na funga droo mara kumi. Ikisita au ikihitaji kusukumwa kwa kidole, mkanda wake wa mpira umelegea. Hilo ni tatizo dogo na la bei ndogo, lakini likupunguzie bei. Kisha omba iachwe ipige walau nusu saa ipate moto, kwani zipo zinazogoma zikishapata joto. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekupa jibu.

Deki yangu ya pili niliinunua kabla sijajifunza hayo. Ilipoanza kukataa CD za kuchoma nilimpelekea fundi jirani, akairudisha jioni ileile ikiwa inasoma kila kitu, nikamshukuru sana. Baada ya wiki tano ikazima kabisa. Fundi mwingine, mzee mwenye subira, aliifungua akanionyesha kwamba kijiskurubu kinachopanga nguvu ya leza kilikuwa kimezungushwa ili leza iwake kwa nguvu kuliko ilivyopangwa kiwandani. Lenzi iliyochoka ukiifanyia hivyo husoma kwa muda, kisha hufa kabisa. Aliniambia fundi mwaminifu huanza kwa kuisafisha lenzi kwa pamba laini na spiriti safi, na ikishindikana huweka lenzi mpya. Aliongeza jambo ambalo mafundi vijana hulisahau: lenzi nyingi mpya huja na tone dogo la risasi ya kulehemu lililowekwa makusudi kuilinda leza dhidi ya umeme tuli, na tone hilo lisipoondolewa baada ya waya kuunganishwa, mashine haisomi chochote, na mteja huambiwa kuwa lenzi ilikuwa mbovu.

Kwa msingi huo, swali ninaloliweka mbele ya jina la kampuni ni kama lenzi ya deki hiyo inapatikana. Lenzi ya Sony inayoitwa KSS-213 iliwekwa kwenye mashine nyingi, nyingine za kampuni tofauti kabisa, na hadi leo lenzi za aina hiyo zinauzwa, ingawa nyingi ni za kuigiza na ubora wake hutofautiana. Deki ya kawaida yenye lenzi ya namna hiyo naipenda kuliko deki ya kifahari ambayo lenzi yake iliacha kutengenezwa zamani. Deki ya kifahari ikigoma, inageuka kuwa pambo la sebule.

Anayeweza kununua mpya bado anatengenezewa. Yamaha CD-S303, Denon DCD-600NE na Marantz CD6007 ni deki za CD za kawaida zilizoundwa kwa kazi hii, ingawa bei yake si ya kila mfuko. Anayeagiza nje aulize kwanza toleo la volti 230. Na asiye na uwezo huo asione haya kununua deki ya DVD. Nami ya tatu ilikuwa hiyo, na ilizisoma CD zangu bila matatizo; kasoro yake ilikuwa kwamba haikuwa na kioo cha kuonyesha namba ya wimbo, ikanilazimu kuwasha televisheni kila nilipotaka kuchagua. Nimempa mpwa wangu, na hadi sasa anaifurahia.

Katika kuunganisha kuna kosa moja ambalo nimelikuta kwenye nyumba mbili za marafiki. Nyuma ya amplifaya za zamani pana matundu yaliyoandikwa PHONO, na wao walichomeka deki ya CD humo. Matundu hayo ni ya mashine ya santuri, ambayo hutoa umeme wa sauti wa milivolti chache tu, wakati deki ya CD hutoa hadi kama volti 2. Matokeo yake sauti inapasuka na besi inavimba, na rafiki yangu mmoja alikuwa karibu kuuza deki nzima akidhani ni mbovu. Chomeka kwenye CD au AUX. Wenye sabufa nao hutumia AUX, kwa waya uleule wa nyekundu na nyeupe.

Hali ya hewa yetu ya pwani nayo haina huruma. Deki isikae dirishani ambako upepo wa chumvi na vumbi huingia, wala isibanwe juu ya amplifaya inayochemka. Ukiitoa kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaipeleka penye joto na unyevu, isubiri saa moja kabla ya kuiwasha, maana lenzi hupata ukungu kama miwani. CD ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko huiba data nyingi mfululizo kuliko hesabu za kusahihisha zinavyoweza kufidia. Upande wenye maandishi uchungwe zaidi, tofauti na wengi wanavyodhani: tabaka la kuakisi liko chini tu ya rangi ile, ilhali upande wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita moja.

Kupitia gazeti lako nawaomba wafanyabiashara wa Kariakoo na kwingineko wafanye mambo mawili yasiyowagharimu kitu. Waandike kwa Kiswahili, kwenye kila deki iliyotumika, volti inayotumia, na pale wanapoijaribia kwa transfoma ya kushusha umeme wamwambie mteja kabla hajalipa. Pili, wawe na meza moja yenye amplifaya na spika ambapo mteja anaruhusiwa kujaribu kwa CD zake mwenyewe kwa nusu saa.

Deki yangu ya nne niliipata kwenye duka la namna hiyo, kwa muuzaji aliyeniletea kiti na kuniacha nimalize CD zote tatu. Nililipa shilingi 140,000. Wiki iliyofuata nilirudi kununua lenzi ya akiba, ambayo sasa iko kabatini ndani ya mfuko wake, pembeni ya CD za wale waliotangulia.

Wako,
Mpenzi wa muziki wa dansi,
Magomeni, Dar es Salaam